Betri ya 100 Inazima Saa 5 Usiku: Tafuta Kosa Kabla Hujanunua Nyingine

"Fundi, ile betri yako imekufa."

"Shikamoo mama. Imekufaje?"

"Marahaba. Ulisema ni ya mia. Mwezi wa kwanza tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari, tunaangalia tamthilia, watoto wanalala feni inazunguka. Sasa ikifika saa 5 inapiga kelele, kisha giza."

Mimi ni fundi wa betri za sola. Simu kama hii naipokea karibu kila wiki, na jibu langu la kwanza huwaudhi wengi: mia ya nini?

Nyingi ya betri ninazoitiwa kuzizika bado zina uhai. Zimeelemewa, au zinalala njaa kila siku, au waya umelegea. Nyingine kweli zimekufa, lakini ukichunguza chanzo unakuta hesabu ilikosewa siku ile ile ya kununua. Nimepanga mambo haya kwa malalamiko jinsi yanavyonifikia. Kwenye kila lalamiko naanza na sababu inayojirudia zaidi na kipimo kisicho na gharama, halafu tunazama. Nitakapokwambia simama, simama.

Kabla ya yote: "kwa saa" inatutega

Kiswahili chenyewe kinachangia mkanganyiko huu. Tunasema gari linakwenda kilometa 60 kwa saa, na hapo unagawanya. Halafu tunasema "kilowati kwa saa" tukimaanisha uniti ya umeme, na "ampea kwa saa" tukimaanisha ukubwa wa betri, wakati hapo unazidisha. Mimi nimeacha. Nasema wati-saa na ampea-saa, na wateja wangu wamezoea.

Wati ni kasi ya kula. Wati-saa ni chakula kilicholiwa. Birika la wati 2,000 linakula kwa pupa, lakini kwa dakika 6 tu: limemaliza wati-saa 200. Televisheni ya wati 50 inakula kistaarabu, lakini ikiwaka saa 4 imemaliza wati-saa 200 zile zile. Wati-saa 1,000 ni kilowati-saa moja, ambayo ndiyo uniti moja ya LUKU, na ndiyo hiyo hiyo Wakenya wanayoipata kwenye tokeni.

Betri huandikwa kwa ampea-saa, kwa kifupi Ah. Ampea-saa bila volti ni sawa na mtu anayejisifu ana magunia kumi bila kusema ni ya mkaa au ya mchele. Zidisha na volti ndipo upate chakula: 12 V × 100 Ah = wati-saa 1,200. Ukiwa na betri mbili za namna hiyo, ukiziunga mfululizo unapata 24 V na 100 Ah. Ukiziunga sambamba unapata 12 V na 200 Ah. Vyovyote vile ni wati-saa 2,400. Nimewahi kukaa barazani saa nzima nikiamua ubishi wa shemeji wawili juu ya jambo hili, na chai ikapoa.

"Mwezi wa kwanza ilifika usiku wa manane, sasa saa 5 imezima"

Hili ndilo lalamiko kuu, kwa hiyo nitakaa nalo.

*Sababu ya kwanza: nyumba inakula kuliko betri inavyobeba.* Chukua karatasi. Nyumba ya yule mama ilikuwa na taa 4 za wati 7, jumla 28. Televisheni wati 50. King'amuzi wati 12. Feni ya mezani wati 40. Jumla wati 130. Hesabu yake ilikuwa hivi: 1,200 gawanya kwa 130 ni saa 9 na ushee, nikiwasha saa 1 jioni nafika saa 10 alfajiri. Hesabu safi, ila ina matobo matatu.

Tobo la kwanza ni inveta. Kubadilisha 12 V za betri kuwa 230 V kuna hasara. Kwa inveta ya kawaida chukulia asilimia 15. Ili vyombo vipate wati 130, betri inatoa kama 153. Tobo la pili ni kasi. Ile 100 Ah iliyoandikwa ubavuni kwa kawaida imepimwa kwa kuinyonya betri polepole, ampea 5 kwa muda wa saa 20. Wati 153 kwenye 12 V ni karibu ampea 13. Betri ya risasi, yaani ile yenye sahani za risasi na asidi ndani, ukiinyonya haraka hivyo inatoa pungufu, pengine 80 au 85 Ah badala ya 100. Mjerumani Wilhelm Peukert aliliandikia kanuni jambo hili mwaka 1897, kwa hiyo muuza duka hana sababu ya kulificha hadi leo. Chakula chote kinabaki kama wati-saa 1,000, na 1,000 gawanya kwa 153 ni saa 6 na nusu. Saa 1 jioni jumlisha saa 6 na nusu unafika saa 7 na nusu usiku. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa kwanza.

Tobo la tatu ndilo lililoua. Betri ya risasi haipendi kumalizwa. Inveta nyingi za 12 V hazikati mpaka volti zifike karibu 10.5, na hapo betri imekombwa hadi ukoko. Ukirudia hivyo kila usiku, miezi michache tu uwezo unashuka. Kanuni ninayoifuata ni kutumia nusu na kuacha nusu. Kwa 100 Ah hiyo ni wati-saa 600, na kwa matumizi ya mama yule ni chini kidogo ya saa 4. Yaani saa 5 usiku. Betri yake ilikuwa inazima muda ule ule ambao tangu siku ya kwanza ilipaswa kupumzishwa.

Cha kufanya hapa ni kupunguza mlo kabla ya kuongeza sahani. Feni ya 12 V inayounganishwa moja kwa moja, bila kupitia inveta, na taa za 12 V, zinaokoa ile asilimia 15. Ikishindikana, ongeza betri, lakini usiunge mpya na ya zamani. Ya zamani itaivuta mpya hadi zote zilingane kwa uzee.

*Sababu ya pili: inveta inakula hata ukiwa umelala.* Watu wanazima televisheni na taa, inveta wanaiacha inang'aa kijani. Inveta ndogo isiyobeba kitu inaweza kuvuta wati 10 hadi 20. Chukua 12 tu, zidisha kwa saa 24: wati-saa 288. Hiyo ni karibu nusu ya akiba yako ya usiku, imeliwa na kijitaa na feni ya kupoza. Izime kwa swichi yake, wiki moja, uone.

*Sababu ya tatu: haikujaa tangu mchana.* Nimeipa sehemu yake hapo chini.

*Sababu ya nne: betri imechoka kweli.* Kipimo ninachokipenda hakina gharama. Chaji betri mpaka ijae, chomoa kila kitu, iache ipumzike saa kadhaa, ndipo upime kwa multimita, kile kipimo cha volti. Betri ya risasi ya 12 V iliyotulia inasoma hivi: 12.7 imejaa, 12.4 ina robo tatu, 12.2 ina nusu, 12.0 ina robo, 11.8 tupu. Kisha tafuta taa kubwa ya mbele ya gari, ile ya wati 55, uiunge kwenye betri. Taa hiyo inavuta ampea 4 na nusu hivi, karibu kabisa na kasi ya kiwandani kwa betri ya 100 Ah. Usiiweke juu ya plastiki wala karibu na pazia, maana inachemka. Iwashe kwa muda wa saa 10. Itakuwa imekula kama Ah 45. Zima, pumzisha tena saa mbili tatu, pima. Betri nzima itasoma maeneo ya 12.2. Ikisoma chini ya 12.0, uwezo wake umeshuka. Taa ikififia kabla ya kutimiza saa 5 za kuwaka, usihangaike zaidi, hiyo imekwenda.

Kipimo cha volti hakikufai kwa betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ile inayoandikwa LiFePO4. Hizo zinakaa kwenye 13.2 au 13.3 muda mrefu sana wa matumizi, halafu zinaporomoka ghafla mwishoni. Kwa lithiamu hesabu wati-saa zinazoingia na kutoka. Kuna vipimo vidogo vya kufunga kwenye waya vinavyofanya kazi hiyo. Faida yake ni kwamba zinavumilia kutumiwa asilimia 80 au 90, kwa hiyo lithiamu ya 100 Ah yenye 12.8 V inakupa zaidi ya wati-saa 1,000 za kweli.

*Sababu ya tano: lebo inasema uongo.* Beba. Betri kavu ya risasi ya 12 V na 100 Ah ina uzito wa kilo 28 hadi 32 hivi. Ukikuta imeandikwa 200 na unainyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu, umeuziwa stika.

Simama hapa: usifungue inveta kutafuta "inakokula". Ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa betri, na upande wa kutokea ni 230 V zinazoua sawasawa na za TANESCO.

"Mita inasoma imejaa, nikiwasha kitu inashuka hapo hapo"

Hapa watu wanakimbilia kulaumu betri wakati mara nyingi kosa lina urefu wa sentimita mbili: pale waya unaposhika kichwa cha betri.

Tazama kwanza. Kuna unga mweupe au wa kijani? Kishikio kinazunguka ukikigusa? Zima mzigo, yaani vyombo vyote vinavyokula umeme, toa hasi kwanza, osha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, kausha, sugua risasi kwa msasa mpaka ing'ae, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza.

Kama bado, pima ukiwa umewasha mzigo. Wengi wanaweka ncha ya multimita juu ya kishikio. Weka juu ya risasi yenyewe, ule mguu wa kijivu unaotoka ndani ya betri. Andika. Kisha hamishia ncha kwenye vifungo vya inveta. Kwenye betri ukisoma 12.3 na kwenye inveta 11.1, volti 1.2 zimepotelea njiani na betri haina hatia. Unaweza hata kuweka ncha moja kwenye risasi na nyingine kwenye kishikio chake: inatakiwa isome karibu na sifuri. Nimeshakuta nusu volti imejificha pale, na kishikio ni cha moto kuliko kikombe cha chai.

Sababu inayofuata ni waya mwembamba. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, betri ikiwa mita 10 kutoka kwenye mzigo, una urefu wa mita 20 kwenda na kurudi. Ukipitisha ampea 10 unapoteza volti 1.4. Kwenye 230 V usingegundua. Kwenye 12 V ni zaidi ya asilimia 10. Waya wa milimita 6 ungepoteza kama 0.6. Inveta ikae karibu na betri, na umbali uumalizie upande wa 230 V. Kumbuka pia kwamba inveta ya 12 V inayobeba wati 1,000 inavuta zaidi ya ampea 90. Lile birika la wati 2,000 lingetaka zaidi ya 180. Ndiyo maana nikikuta birika kwenye nyumba ya sola ndogo nauliza kwa upole ni la nani.

Tatu, friji. Kompresa ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya wati zake kwa muda mfupi sana, na volti zinazama kwa muda wa sekunde moja hivi. Inveta ikizima kila friji inapoanza lakini inabeba televisheni siku nzima, tatizo ni nguvu ya kuanzia. Ukubwa wa betri ni hadithi nyingine.

Nne, chumba kimoja kimekufa. Betri ya risasi ya 12 V ina vyumba sita, kila kimoja volti 2.1 hivi. Kimoja kikifa, betri iliyochajiwa na kupumzishwa inagoma kupanda juu ya 10.5 au 10.7. Kwa betri ya maji unathibitisha kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi: chumba kilichojaa kinasoma karibu 1.265, na kikitofautiana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, ndicho mgonjwa. Hakuna dawa ya kumwaga humo. Wanaouza vidonge vya "kufufua" wanauza matumaini.

Lithiamu ina dalili yake: ghafla inasoma 0 V kabisa. Mara nyingi saketi ya ulinzi iliyo ndani imejifunga kwa sababu ilimalizwa au ilizidishiwa mzigo. Toa mizigo yote, iunge kwenye chaja yake inayofaa, mara nyingi inaamka. Isipoamka, simama. Usiifungue na usijaribu kuiamsha kwa waya kutoka betri ya gari.

Kuhusu spana, hili lilinipata mwenyewe nikiwa bado najifunza. Nilikuwa nakaza nati ya chanya kwa spana ndefu isiyofunikwa, mkia wake ukagusa hasi. Hakuna shoti ya kurusha mkono kama ya umeme wa ukutani. Kulikuwa na mlio, mwanga wa bluu, na spana ikaganda pale pale imeliwa kama imeng'atwa. Tangu siku hiyo spana zangu zina utepe wa umeme mpaka shingoni, na pete naivua kabla sijashika betri.

"Mchana kutwa jua linawaka, betri haijai"

Anza na macho. Vumbi, kinyesi cha ndege, tawi la mwembe lililokua tangu paneli ifungwe. Kivuli kidogo kwenye kona moja kinaweza kupunguza umeme mwingi kuliko ukubwa wake. Osha asubuhi paneli ikiwa baridi. Ikiwa paa ni la mwinuko mkali, usipande. Mwite mwenye ngazi na kamba.

Halafu hesabu tena, kwani hapa ndipo wengi wanapokwama. Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa. Kwa kwetu chukulia saa 5 za jua kali kwa siku. Kisha kuna kontrola, kile kifaa kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji. Ile ya bei rahisi, ya aina ya PWM, inaibana paneli ifuate volti za betri: paneli iliyoundwa kutoa 18 V na ampea 5.5 inafanya kazi kwenye kama 13 V, na ampea zinabaki 5.5 zile zile. Hizo ni wati 72. Zidisha kwa saa 5: wati-saa 360. Betri ya risasi nayo haihifadhi yote unayoiingizia. Kurudisha wati-saa 600 zilizotumika usiku unahitaji kuingiza kama 750. Kwa 360 kwa siku utalipa deni la usiku mmoja kwa siku mbili na zaidi, na usiku wa pili unakuja na deni lake. Paneli moja ya 100 na betri ya 100: pacha hiyo inauzwa sana kwa sababu namba zinalingana. Moja ni wati, nyingine ni ampea-saa, hazina undugu.

Kama hesabu iko sawa, angalia mpangilio wa kontrola. Betri ya risasi ya 12 V inahitaji kufikishwa maeneo ya 14.4 V kabla ya kushushwa kwenye 13.5 hadi 13.8 za kuitunza, kutegemea aina. Kijitabu chake ndicho cha kufuata. Kontrola iliyopangwa kwa aina nyingine ya betri itaacha yako nusu njaa au itaichemsha. Pima kwenye risasi ya betri saa 8 mchana: ikiwa haijawahi kuvuka 13.5 siku nzima yenye jua, haijai.

Mwisho, tazama nani anakula mchana. Simu za majirani kumi na kinyozi wa nje ni wati-saa pia.

Ukitaka kuchomoa chochote, toa paneli kwanza kwenye kontrola, betri baadaye. Ukirudisha, betri kwanza. Kwa betri ya maji, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, sahani zikiwa wazi. Usiongeze asidi. Angalia chupa vizuri, kwa sababu dukani zote mbili zinaweza kuwa rafu moja.

"LUKU ya elfu kumi haikai"

Kwanza tazama risiti, umepata uniti ngapi. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ukijumlisha kodi na tozo, elfu 10 inatoa uniti 28 hivi. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, la shilingi 100, hupata uniti 75 kwa shilingi 9,150, lakini akizidisha matumizi bei inapanda na anaweza kuhamishwa kundi. Pia tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi yanaweza kuonekana yameibiwa. Wengi wanaonilalamikia uniti kwisha haraka hawajaangalia kama waliingiza 28 au 22.

Pili, vyombo vya moto. Hita ya kuogea ya wati 3,500 ikiwaka dakika 10 ni uniti 0.58. Familia ya watu watano ikioga hivyo kila siku, inakaribia uniti 3 kwa siku kabla hata ya kuwasha taa. Friji yenye mpira wa mlango uliochakaa haipumziki; bana noti mlangoni, ikivutika bila upinzani mpira umekwisha.

Tatu ni kuvuja. Mita nyingi zina kijitaa kinachopepesa, na pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kilowati-saa, mfano 1,000. Kwa mita hiyo kila mpepeso ni wati-saa 1. Zima kila kitu na chomoa plagi zote, kaa mbele ya mita dakika 15. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unaovuja au kuna mtu ameunganishwa kwako. Zima swichi kuu. Ikinyamaza, kosa liko ndani ya nyumba: mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Ikiendelea hata swichi kuu ikiwa imezimwa, ripoti TANESCO. Mita yenyewe usiiguse; lakiri ikikatika kesi inakuwa yako.

"Pawabenki ya 20,000 inachaji simu mara tatu tu"

Basi ni nzima. Zile 20,000 mAh, yaani Ah 20, zimepimwa kwenye volti za seli zake, 3.7 V: wati-saa 74. Ikitolewa kwenye 5 V kwa hasara ya asilimia 15, zinabaki kama 63. Simu ya 5,000 mAh yenye betri ya 3.85 V inataka wati-saa 19 na robo, na simu nayo inapoteza kidogo inapochaji. Mara tatu.

Ikichaji mara moja na nusu, badilisha waya kwanza. Kisha ipime uzito: ya kweli ya 20,000 huwa na gramu 350 hivi au zaidi. Na seli ya duara inayofanana na betri nono ya tochi, ile ya 18650, ikiandikwa 9,900 mAh, irudishe. Nyingi zilizo bora zinafika kama 3,500. Ukisafiri kwa ndege, kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, na unaibeba mkononi, siyo kwenye begi linaloshushwa chini.

Inanuka, inachemka, imevimba

Hapa hakuna vipimo. Harufu ya mayai viza kwenye betri ya risasi maana yake inachajiwa kupita kiasi au chumba kimekufa. Funika paneli kwa turubai au zima chaja, fungua madirisha, usiwashe kiberiti, usichomoe waya kwenye betri wakati cheche inaweza kuruka. Kuna haidrojeni pale. Asidi ikigusa jicho, maji yanayotiririka angalau dakika 15 na safari ya hospitali. Lithiamu iliyovimba, iwe ya simu, pawabenki au ya ukutani, isichajiwe tena hata mara moja, isitobolewe. Ile ndogo itoe nje mbali na vitu vinavyoungua. Ile ya ukutani zima mfumo, toa watu, piga simu.

Na siku yoyote ukimpigia fundi simu, usimwambie "ni ya mia". Msomee volti na Ah zilizoandikwa, volti ulizopima ikiwa imepumzika, volti ulizopima mzigo ukiwa umewashwa, na orodha ya wati za vyombo vyako. Na umri wa betri, wa kweli, kuanzia siku ilipofungwa.